VINA, MIZANI NA SIKIO LA MWANANYAMALA

Mwanafunzi yeyote aliyesoma kozi ya ushairi anaijua hesabu hii kwa moyo: shairi la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, kila kipande mizani 8, jumla 16, kina cha kati na kina cha mwisho. Hesabu hii tunaiandika kwenye karatasi ya mtihani, tunapiga mstari chini ya neno "arudhi", halafu tunaingia kwenye maudhui kama watu waliokwisha lipa kiingilio mlangoni. Katika makala haya nakusudia kuuliza hesabu hiyo ilitoka wapi, ilipataje kuitwa sheria, na kwa nini ilipofika miaka ya 1970 watu wazima wenye heshima zao walirushiana maneno makali kwa ajili yake.

Tuanzie mtaani, kwa sababu swali lenyewe liko huko. Konda wa daladala anaponadi njia yake huita: "Mwananyamala kwa Kopa!" Hebu hesabu. Mwa-na-nya-ma-la-kwa-Ko-pa. Nane kamili, kipande kizima cha shairi. Chukua "Kinondoni Mkwajuni": nne na nne, na kila upande unaishia na -ni. Lakini kabla hujashangilia, chukua "Magomeni Mapipa", utapata 7. "Mwananyamala Komakoma" ni 9. Kwa hiyo msomaji asidhani nataka kusema eti makonda wetu ni akina Muyaka wa barabarani. Nane hiyo imetokana na maumbile ya lugha: maneno mengi ya Kiswahili yana silabi mbili hadi tano, ukiweka mawili au matatu pamoja unajikuta karibu na nane bila kujitahidi. Linalonivutia mimi ni lile la 7. Konda akiita "Mapipaaa", sauti inavutwa mpaka inajaza nafasi ile ile. Vidole vinasema pamepungua mizani moja. Sikio linasema hapajapungua kitu. Ugomvi wote wa arudhi ya Kiswahili, kwa maoni yangu, umo katika tofauti hii ndogo kati ya kidole na sikio.

Kihistoria sikio lilitangulia. Tungo za kale za pwani ziliimbwa au zilighanwa, na kila bahari ilikuwa na mahadhi yake. Hata zilipoandikwa, hazikuandikwa kama tunavyoziona leo vitabuni. Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti mzima ulikaa kwenye mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitenganishwa kwa alama ndogo. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, cha nne kina kina kinachorudi katika kila ubeti tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Ukiuangalia ukurasa wa namna hiyo, kile kina cha nne kinateremka pembeni mwa karatasi kama pindo la kanga. Tenzi zilipohamia hati za Kilatini na mashine ya kupiga chapa, mstari ule mmoja ukakatwa vipande vinne vikapangwa kimoja juu ya kingine. Hakuna silabi iliyoongezwa wala kupunguzwa, lakini jicho limepewa kitu kingine kabisa: ngazi ya mistari mifupi ambayo mtu anaweza kuihesabu.

Mfano mzuri zaidi ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840. Huyu ndiye tunayefundishwa kwamba alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Aliandika juu ya mapenzi, vita, bei na fitina za mji, na mengi ya mashairi yake ni ya kujibizana: umeniambia, nami nakujibu. Diwani yake ilichapwa na William Hichens mwaka 1940. Kati ya kufa kwake na kupigwa chapa ni kama miaka 100. Mashairi yale yalikaa wapi muda wote huo? Sehemu kubwa yalikaa vichwani mwa watu, ndipo mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya. Hapo unaona kazi halisi ya kina. Kilikuwa ni msumari. Mtu anayekariri akisahau neno, kina cha kati kinamwambia neno hilo liliishia na sauti gani, na mizani inamwambia lilikuwa na urefu gani. Kwa msaada huo angeweza kulipata tena, au akapata lingine linalolingana nalo. Sisi tunaosema vina ni "pambo" tunazungumza kama watu waliozaliwa penye fotokopi.

Sasa njoo Dar es Salaam. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilianzisha gazeti la Mambo Leo, na gazeti hilo likawa uwanja mkubwa wa washairi wa Tanganyika kwa miaka mingi. Fikiria hali ya mhariri. Barua imetoka Tabora, nyingine Tanga, nyingine Kigoma. Hasikii sauti ya mtungaji, hayajui mahadhi aliyoyakusudia. Ana karatasi tu mkononi. Atajuaje kwamba huyu ni malenga na yule ni mbabaishaji? Njia iliyo wazi ni kuhesabu. Nane na nane, kina na kina. Sisemi kwamba gazeti ndilo lililozua mizani, la hasha, mizani ilikuwapo karne nyingi kabla. Nasema kwamba ukurasa wa gazeti uliigeuza mizani kuwa kitu kinachoweza kukaguliwa na mtu asiyemsikia mwimbaji. Kutoka hapo hadi kuitwa sheria ni hatua moja.

Hatua hiyo aliipiga Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alipotoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954. (Kwa bahati, au kwa majaliwa, mwaka 1963 mtu huyu huyu aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Alifariki mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu.) Wengi wetu tunamtaja Amri kama polisi wa ushairi, na nadhani wengi tunaomtaja hivyo hatujakifungua kitabu chake. Kwa Amri, shairi ni wimbo, na lisiloimbika lina ila. Maana yake sheria zile zilikusudiwa kulinda uimbaji. Ni sisi tuliokuja baadaye tuliobeba sheria tukauacha wimbo nyuma.

Kuna jambo jingine la Amri ambalo sijaona likisisitizwa vya kutosha. Mahadhi hurithiwa, sheria husomwa. Mtoto wa Lamu au wa Mombasa aliipata bahari kwa kusikia wazee wakighani. Lakini Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, angeirithi kwa nani? Sheria iliyoandikwa kitabuni inaweza kupelekwa kwa posta. Mtu wa bara akikaa na kitabu, kalamu na vidole kumi, aliweza kutunga shairi ambalo mtu wa pwani hawezi kulikataa. Kwa hiyo ile sheria tunayoiona kama uzio ilikuwa pia ni mlango, na walioingia kwa mlango huo hawakuwa wachache. Mnyampala mwenyewe akaja kuwa nguzo ya UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na akaipa nchi ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walieneze kwa wananchi, nao wakaitika. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, Mnyampala akiwa ameshafariki mwaka 1969. Wanafunzi wa shule za msingi nchi nzima wakawa wanasimama mstari mmoja kulia na mmoja kushoto, wanabishana kwa mizani 16, na mwisho wanakubaliana. Kisanaa ngonjera nyingi ni nyepesi, tuseme kweli, mabishano yake yameshaamuliwa kabla hayajaanza. Lakini zilikuwa za mdomo. Zilirudisha shairi kwenye koo.

Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akatoa Kichomi, na moto ukawaka. Mashairi mengi ya humo hayakufuata vina wala mizani. Mwaka 1976 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, jina ambalo ni hoja tosha, na mwaka 1979 wakaleta Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ambamo vina na mizani havikuwekwa kuwa lazima ili utungo uitwe shairi. Wanamapokeo wakasema haya si mashairi, ni guni, ni nathari iliyokatwakatwa, ni kazi ya watu wa bara wasiojua Kiswahili. Wanamapinduzi nao wakajibu kwamba vina ni pingu za kikale, zinamlazimisha mtunzi aseme asichotaka ili tu apate silabi.

Hoja hizi mbili zina matundu, na historia ndiyo inayotuonyesha. Ile ya "watu wa bara" inavunjwa na Mnyampala: kama asili ya mtu ndiyo tatizo, basi Mgogo asingeweza kuwa mlinzi wa vina. Ile ya "pingu" inavunjwa na Abdilatif Abdalla. Huyu alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijikaratasi cha kuipinga serikali, akatunga mashairi kizuizini akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yakachapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Hakuna wa kumwita Abdilatif kibaraka wa mapokeo kwa upande wa siasa. Lakini kwa upande wa fani ni mmoja wa washika vina wakali kuliko wote. Mtu aliyefungiwa peke yake, na karatasi inaweza kunyang'anywa wakati wowote, ana haja na kile kile walichokuwa nacho waliomhifadhi Muyaka: msumari wa kumbukumbu. Na alipotoka jela alikuja hapa hapa, akafanya kazi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 1979. Yaani wakati mabishano yanapamba moto Mlimani, jibu lilikuwa linatembea kwenye korido.

Halafu kuna Mwalimu Nyerere, ambaye pande zote mbili zinapenda kumsahau. Yule yule aliyewaita watunzi wa vina mwaka 1968 alikuwa amekwisha toa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, kwa mistari ya kishairi isiyo na vina. Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Miaka 11 kabla ya Kichomi, Kiswahili kisicho na vina kilikuwa kimeshavikwa nguo ya ushairi na Rais wa nchi, na sijui mtu aliyempelekea barua ya kumwambia ametunga guni!

Lakini nadharia bila mfano ni porojo. Kwa kuwa sitaki kumkata malenga yeyote ubeti wake, nimeutunga mwenyewe wa kufanyia uchambuzi. Usitafute usanii mkubwa, ni kama chura wa maabara ya biolojia:

Mwananyamala kwa Kopa, gari limekwisha jaa,
Konda anasema lipa, na mfukoni ni njaa,
Mzee ameogopa, mlangoni kaduwaa,
Hata pumzi twakopa, toka taa hadi taa.

Kwa vidole ubeti umesimama: 8 na 8 mara nne, kina cha kati -pa, kina cha mwisho -aa. Mtahini atatoa maksi zake. Sasa tusikilize. "Limekwisha jaa" si lugha ya konda. Konda angesema "limejaa" au "limeshajaa". "Limejaa" ingenipa 6, "limeshajaa" 7, nami nilitaka 8, ndiyo maana nikaazima umbo la kizee. Hapo wanamapinduzi wana haki, mizani imenitoa mtaani. Lakini angalia mshororo wa nne. Sikuwa na nia ya kusema lolote juu ya kukopa. Nilikuwa natafuta neno la -pa, na jina la kituo likaniletea kitenzi: Kopa, twakopa. Kina kimenipa wazo ambalo sikuwa nalo, na kwa kweli ndilo wazo pekee la maana katika ubeti huu. Hapo wanamapokeo nao wana haki, na haki yao ni kubwa kuliko wanavyoijua wenyewe, maana huwa wanatetea vina kwa sababu ni "utamaduni wetu" wakati wangeweza kuvitetea kwa sababu vinafikiri.

Na hiyo "pumzi"? Nimeihesabu 3, pu-m-zi, kwa kuwa ile m inasimama peke yake. Mwingine ataihesabu 2, na kwake ubeti wangu una kasoro. Ni hivyo hivyo kwa "sharti": wewe unasema shar-ti, bibi yako anasema sha-ri-ti, na malenga atachukua ile inayomfaa siku hiyo. Ndiyo sababu washairi wakapewa ruhusa za inkisari na mazida, kufupisha neno na kulirefusha. Ruhusa hizo kitabuni zinaonekana kama msamaha kwa mkosaji. Mdomoni si msamaha wa kitu chochote, ndivyo watu wanavyosema.

Sasa niondoe vina na mizani, nione kinachobaki:

Gari limejaa.
Konda anadai nauli.
Mzee
bado yuko mlangoni.

Tumepoteza "twakopa", na pamoja nayo ule mzaha mchungu. Tumepata nini? Tumepata neno "Mzee" likiwa limekaa peke yake. Jicho linafika hapo linakwama, kama gari lilivyokwama, kama yeye alivyokwama. Katika tarbia nisingeweza kumwacha mzee kwenye hewa namna hiyo, kwa sababu mizani tano zilizobaki zilidai zijazwe, nami nikazijaza kwa "ameogopa", nikamweleza msomaji jambo ambalo angeliona mwenyewe. Kwa hiyo shairi huru nalo lina kipimo, ila linapima kimya. Kipimo hicho hakihesabiki kwa vidole, na ndiyo maana ni rahisi mtu kuidanganya hadhira nacho. Mashairi mengi "huru" tunayoletewa na wenzetu, hata katika kurasa kama hizi, yamekatwa mistari bila sababu: ukiyarudisha kuwa aya hayapotezi kitu. Hayo wanamapokeo waliyaita nathari, na walisema kweli.

Kimya si kigeni mtaani petu. Jina lenyewe la Mwananyamala husimuliwa kuwa limetokana na Kizaramo, mwana nyamala, yaani mtoto nyamaza. Sina haja ya kuamua hapa kama simulizi hiyo ni historia au ni hekaya. Ninachokiona ni kwamba ni kauli ya kubembeleza, mizani tano, na baada yake panatakiwa pawe kimya. Kipande cha nane kingeiharibu.

Wala mizani hailazimiki kuwa nane ili sikio liridhike. Tazama misemo na kanga zinazoanikwa kwenye kamba za nyua zetu. "Haraka haraka haina baraka" ni 6 kwa 6, kina -ka. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ni 6 kwa 6 na haina kina kabisa, lakini mtu yeyote anaisikia kwamba imekaa sawa. "Mchumia juani hulia kivulini" ni 7 kwa 7, kina -ni, na hapa kuna siri ndogo: maana ingetosheka na "hula", lakini "hula" ingetoa 6. Umma, bila UKUTA wala Taasisi, umeshika "hulia". Nani aliwahesabia? Mama anayechagua kanga ya kumpiga kijembe jirani hahesabu, anaitamka mara mbili mbele ya muuzaji, na ikimkaa mdomoni ananunua. Vivyo hivyo kwa vijana wa mchiriku na baadaye singeli katika mitaa hii hii ya uswahilini: kina cha mwisho wanakishika kwa nguvu zote kwa sababu mapigo yanakidai, na silabi zikizidi wanazikimbiza, zikipungua wanazivuta. Kwa kitabu cha 1954 wana makosa kila mstari. Kwa kanuni aliyoisimamia mwenye kitabu, kwamba shairi ni wimbo, hawana kosa.

Ndiyo maana naona tunajidhulumu tunapochambua fani kwa kuandika "mizani 16" na kusonga mbele. Kichwani mwa mchambuzi pangekuwa na maswali mengine: mshororo gani unakataa kuimbika ingawa hesabu yake imetimia? Neno gani limeletwa na kina, na lilipoletwa lilikuja na wazo au lilikuja mikono mitupu? Nimejaribu kuuliza hivyo kwa baadhi ya ngonjera za 1970, nikakuta beti zilizotimia kwa vidole huku kipande cha pili kikirudia cha kwanza kwa maneno mengine ili tu nafasi ijae. Nimeuliza hivyo kwa Sauti ya Dhiki, nikakuta ni nadra. Kuhusu Kichomi bado nasoma, maana huko inabidi mtu ajifunze kwanza kusikia mahali ambapo mtunzi hakusema kitu.